Taa Tatu za Kijani na Waya Ndani ya Kikopo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kwa kuwa daktari ameniambia nihesabu wiki wala si miezi, sitakuzungusha. Kwa miaka thelathini na moja nimeficha kipande cha waya chenye urefu wa kidole cha kati. Kimo ndani ya kikopo cha peremende za koo, kikopo kimo ndani ya soksi, soksi imo kwenye droo ya chini kabisa, na mtu aliyeharibikiwa jina kwa sababu ya kipande hicho huja kila Jumatano kuninyoa ndevu na kuniletea gazeti lenu.

Mtu huyo ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia, yeye seremala mwenye leseni ya urubani, na kwa miaka sita tulijenga ndege ya viti viwili ndani ya gereji ya nyumba hii hii, yeye akishughulika na mbao na mabawa, mimi injini na umeme, na mke wangu akiwaambia wageni kwamba yeye ni mke mdogo, mkubwa yuko gerejini anasubiri kupakwa rangi.

Magurudumu ya ndege yetu yalijikunja tumboni ikisharuka na kushuka kabla ya kutua, kwa mota moja iliyosukuma miguu yote mitatu. Kila mguu ulikuwa na swichi yake ndogo. Mguu ukishuka na kujifunga unaibonyeza swichi, taa moja ya kijani inawaka mbele ya rubani, na swichi zote tatu zikishabonyezwa ndipo mota inasimama. Mpango huo niliuchora mwenyewe na mpaka leo siuonei haya. Lakini swichi ya mguu wa kushoto ikawa na tabia za mtoto aliyedekezwa, tukiinua ndege kwa jeki gerejini inafanya kazi mara ishirini mfululizo, tukiiburuta mpaka uwanjani na kuiinua tena, mara ya tatu tu taa haiwaki na mota inalia bila kukoma mpaka fyuzi inakatika, nami nikabadilisha balbu, nikabadilisha swichi yenyewe mara mbili, nikapima kila kiungo kwa mita, nikakwangua rangi chini ya bolti ili umeme upate njia ya kurudi, nikawasikiliza mpaka mafundi wa redio, wiki tano nzima, mshauri, na mimi ndiye mtu ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Jibu kwa kuwa sikuwahi kutoka darasani nikiwa nimeshindwa na swali.

Basi nikachukua kipande cha waya na, chini ya dashibodi nyaya zinakoishia, nikaziunganisha pande mbili za swichi ile, umeme ukawa unapita bila kuuliza kama mguu umeshuka au haujashuka. Nilikusudia kiwe cha majaribio ya gerejini tu. Nikakivisha ngozi nyeusi ya plastiki, nikakifunga pamoja na nyaya nyingine kwa uzi uliopakwa nta, kazi safi kabisa, na siku ya kuruka mara ya kwanza ilipofika nikasahau kukitoa.

Shemeji aliruka vizuri. Alipoteremsha miguu ili atue, wa kulia na wa mbele ikajifunga, wa kushoto, ambao siku zote ulijifunga wa mwisho, ukachelewa kidogo, lakini waya wangu ulikuwa umeshaiambia mota kwamba kazi imekwisha. Mota ikasimama, taa zote tatu zikawaka. Alipogusa ardhi mguu wa kushoto ukakunjika, bawa likakwangua uwanja, ndege ikazunguka na bega lake likavunjika mahali pawili. Walipokuwa wakimpeleka kwenye gari alikuwa akipiga kelele, "Zilikuwa kijani! Zote tatu zilikuwa kijani!" Na mimi, wakati watu wote wameipa ndege mgongo, niliingiza mkono chini ya dashibodi na koleo nikaukata ule waya, nikautia mfukoni.

Wakaguzi walipofika waliipima swichi, nayo, kwa ukaidi wake, ikafanya kazi bila kosa. Wakaandika kwamba rubani huenda alivuta kishikio cha magurudumu badala ya kile cha vibawa vya kupunguzia mwendo, maana vimekaa jirani, kisha akakirudisha alipotambua kosa. Tangu siku hiyo shemeji anaitwa Kijani. "Kijani, mlango umeufunga au umeona taa tu?" "Kijani, chai ni ya moto au tuulize mkaguzi?" Hata dada yake, mke wangu, alikufa akimwita hivyo, kwa mapenzi, lakini akimwita. Hakuruka tena. Na lililo baya kuliko yote ni kwamba aliishia kuwaamini. Mwaka jana akininyoa alisimama ghafla akasema, "Shemeji, mkono huu uliiua ndege yako. Nisamehe." Wembe uko kooni mwangu, mshauri, na mimi nikamjibu, "Yaliyopita si ndwele."

Sasa binti yangu, ambaye ni fundi wa lifti, ameifufua ndege ile. Amesomea urubani na ana leseni yake, na anataka kuruka Jumamosi ijayo. Kitanda changu kimewekwa ukutani upande wa gereji, kwa hiyo nasikia kila kitu: mota inalia, miguu inashuka, tak, tak, kisha kimya, kisha tak. Ni ule ule wa kushoto. Juzi alichungulia mlangoni mikono imejaa grisi.

"Baba, hii swichi inanichezea shere. Nitaiunga moja kwa moja, niruke raundi moja Jumamosi, halafu nitaitafuta taratibu."

"Utaiunga?"

"Kwenye lifti tunafanya hivyo tukitafuta hitilafu. Halafu tunatoa. Usinitazame hivyo, Baba, unanitisha."

Mjomba wake alikuwepo, anapiga msasa kiti. Binti akamwambia, "Mjomba, utakaa na mimi mbele." Naye akacheka, "Mimi? Na mkono huu? Mimi nitakushikia mlango, mwanangu."

Nishauri. Naweza kumkataza binti asiunge nisimweleze sababu, nikafa na kikopo changu, na shemeji akabaki na amani aliyokwisha kuizoea. Au niseme, nimwangushe mzee mwenzangu kwa jambo la zamani hivyo. Nijibu upesi.

Mzee wa Kikopo

*

Mshauri anajibu

Shikamoo, mzee wangu. Umetaka nijibu upesi, basi jibu hili limeletwa mlangoni kwako Jumatatu asubuhi, mkononi, kabla halijaingia gazetini, na sababu unaijua. Umeniambia mwenyewe kwamba shemeji yako ndiye anayekuletea gazeti letu siku ya Jumatano. Hukutafuta mshauri wewe. Ulitafuta tarishi. Ulitaka afungue ukurasa wetu hapo kitandani kwako, asome, na wewe ufumbe macho kama mgonjwa. Kazi hiyo siifanyi.

Pole kwa maradhi, na pole ya kweli. Kufa na jambo kifuani ni kufa mara mbili. Lakini nikikubembeleza sana nitakuwa nakukosea, kwa hiyo vumilia.

Amani gani hiyo unayoogopa kuivuruga? Mtu aliyekuomba msamaha kwa kosa lako, na wembe mkononi, ana amani? Ulikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili, ukampa methali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kifo kimeshabisha hodi. Usingoje kikuumbue. Binti yako akikuta soksi ile wiki moja baada ya mazishi, atamuuliza nani?

Ukimaliza kusoma hapa gonga ukuta, mwite binti. Usimkataze kwa mafumbo. Mtu mzima hakatazwi bila sababu, na fundi ndiye wa mwisho kukubali. Mwambie waya kama huo ulifanya nini mara ya kwanza. Ndege haina ghorofa ya chini ya kusubiria fundi.

Jumatano, shemeji akiingia, kabla hajachanganya sabuni, mpe kikopo mkononi mwake. Sema taa zilikuwa kijani. Anza na hilo, maana ndilo alilolisubiri miaka yote. Usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, utamlazimisha akufariji. Kisha mwandikie barua mkuu wa uwanja ule, utie sahihi, ili wanaomwita Kijani wajue wanamwitia nini.

Na kuna jambo moja limenikaa kooni. Mimi si fundi, mama yangu alikuwa fundi cherehani. Nguo ya kujaribia hupigwa bandi, nyuzi ndefu ndefu, ili zing'olewe kesho. Haitiwi pindo. Wewe waya wako wa majaribio uliuvisha ngozi, ukaufunga kwa uzi wa nta, kazi safi kabisa, ukaandika hivyo kwa fahari. Halafu ukaandika "nikasahau." Rudia kuisoma barua yako, Mwalimu. Ungempa mwanafunzi alama ngapi?

*

Barua ya pili, iliyofika Ijumaa

Mpendwa mshauri, nimempa sifuri.

Binti nilimwita Jumatatu ile ile. Alinisikiliza amesimama, kisha akasema, "Baba, ningeunga. Ningeunga kesho." Akatoka, akakaa gerejini bila kugusa chombo. Baadaye nikasikia kazi inaanza, lakini safari hii hakugusa swichi. Alishika nyaya zinazoshuka kwenye mguu, moja moja, akizivuta polepole. Waya mzima hauvutiki. Mmoja ukavutika kama mpira, pale unapojikunja karibu na bawaba. Ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, nje hauonyeshi kitu. Ukinyooka unashikana, ukikunjika na kutikiswa unaachana. Kikulacho ki nguoni mwako. Ilimchukua dakika arobaini, mimi wiki tano. Alininyooshea kipande kile usoni akasema, "Mwalimu Jibu." Nikacheka mpaka nikakohoa. Sasa miguu inashuka tak, tak, kisha tak, na mota inamsubiri mchelewaji kama askari.

Jumatano sikukutii sawasawa. Nilikosa moyo mpaka shemeji aliponyoa shavu la kulia. Hapo nikamshika mkono nikasema, "Taa zilikuwa kijani." Akadhani naweweseka. Nikampa kikopo. Alikifungua, akakitoa kile kipande, akakigeuza, akapitisha ukucha juu ya uzi.

"Uzi huu nilikukatia mimi," alisema. "Ukaniambia ni wa kufungia nyaya."

"Ndiyo."

"Bega hili, shemeji. Miaka yote hii nalala upande mmoja."

Sikuomba msamaha, kama ulivyoniagiza. Akafuta wembe, akaukunja, akatia kikopo mfukoni. Mlangoni akamwambia binti kwamba Jumamosi atakaa kiti cha mbele, na kwamba kabla ya kutua atahesabu taa mwenyewe, kwa sauti. Kwangu hakuaga. Nina ndevu shavu moja, na wageni wanaotazama nawaambia ni mtindo.

Barua ya mkuu wa uwanja binti ameipeleka, ina sahihi yangu. Lakini hata humo niliandika "nilisahau," mkono ulizoea, na jana nikamtuma akairudishe ili niandike upya. Kabla shemeji hajatoka Jumatano aliuliza swali moja tu, "Ulisahau kweli?" na nikamjibu ninavyokujibu wewe, na ndivyo ilivyoandikwa sasa. Sikusahau. Asubuhi ile ya kuruka, mguu wake mmoja ukiwa tayari juu ya bawa, aliniuliza, "Mwalimu, mguu wa kushoto umepona?" Nikamtazama machoni nikamwambia umepona.