Geti la Nyumbani

Kitendaguro, Bukoba

Tata, baba yangu, shikamoo.

Usishangae mwandiko. Mimi nasema, Evelyne ninayesoma naye ndiye anayeandika. Senene ulizotuma tumezila wote. Upepo ule wa wiki iliyopita haukuangusha migomba?

Kuchomelea vyuma hapa chuoni tulifundishwa na akili mnemba, kwenye kompyuta. Iliniambia nisogeze uso karibu nione vizuri, ikanisifu kuliko wenzangu. Kule cheche haziunguzi. Juzi ndiyo mara ya kwanza kushika mashine ya kweli. Nilisogea vilevile, nikasahau kuteremsha kioo cha kujikinga.

Daktari ameyafunga macho yangu yote mawili kwa bandeji. Nikimuuliza, anabadilisha mazungumzo.

Geti la nyumbani mlitafutie fundi mwingine. Nikirudi Buganguzi, mdogo wangu Judica anisubiri stendi, anishike mkono.

Mwanao,
Avit