Waya wa Kijani

Nyumbani kwa mama yako,
Meza ya chumba cha mbele.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mwanangu Kipara,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, wewe na mkeo. Hujambo, baba? Mkeo hajambo? Anakula? Analala? Nauliza huku jibu nalijua, lakini siwezi kuanza barua kwa mwanangu bila kumjulia hali. Sisi huku miili ni mizima. Presha ya mama yako imetulia kidogo, magoti yangu yananisumbua vilevile, na cherehani yangu imezeeka kuliko mimi, inalia siku nzima. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha hapa.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako haipatikani tena, na kwenye kompyuta hupokei. Anwani nimeipata kwenye boksi la vile viatu ulivyomtumia mama yako. Nakuomba usiichane barua hii kabla hujafika mwisho. Ukimaliza ichane ukitaka, mimi ni mama yako mdogo tu, sitakufunga kamba.

Pole, mwanangu. Poleni sana, wewe na mkeo. Tumejua Alhamisi hii tu kwamba mtoto hakuishi. Najua utasema huyu mama mdogo ana wazimu, mbona nilimwambia mama siku ileile. Ulimwambia, ndiyo. Hakusikia. Naapa kwa kaburi la baba yako, hakusikia hata neno moja.

Unazikumbuka zile spika mbili ndogo za kompyuta yake. Sauti ilikatika zamani, tangu mimba ya mkeo ikiwa changa. Mama yako alikuwa anafuta vumbi nyuma ya meza, waya ukachomoka, akauchomeka kwenye tundu lolote lililomjia mkononi. Ulipopiga akakuona unafungua mdomo na hapatoki kitu. Wewe ulikuwa unamsikia vizuri, maana maikrofoni yake iko kwenye ile kamera ya juu. Ungeshuku nini?

Na dada yangu unamjua. Alisema moyoni, nikimwambia imeharibika atakimbilia kuninunulia nyingine, na mkewe ana mimba, wana mambo mengi. Akanyamaza. Kila ukipiga akawa anatikisa kichwa, "Ee baba, ndiyo, sawa, Mungu mwema," anakuchungulia usoni ajue pa kucheka na pa kuguna. Hata mimi alinificha. Nikija ananiambia, "Kipara anakusalimu sana," nami naitikia kwa furaha salamu ambazo hakuna aliyezisikia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii nimewasema nayo watu wengi, na leo imeingia nyumbani kwetu.

Sasa siku ile. Siku za mkeo zilikuwa zimetimia, sote roho juu. Ukapiga mchana, wakati ambao si wako. Mama yako akakuona unalia, na hajakuona ukilia tangu uote ndevu. Akajua mtoto amezaliwa. Baba yako naye alilia hivyohivyo siku ulipozaliwa wewe, machozi mpaka shingoni, watu wakamcheka. Basi akaruka, akapiga makofi, akapiga vigelegele mbele ya kamera. Wewe ukakata. Yeye akadhani umeitwa kumpakata mtoto.

Mimi nilikuwa jikoni. Niliposikia nikatoka mbio na mwiko mkononi, nami nikapiga. Kama ulisikia sauti mbili, ya pili ilikuwa yangu. Nikikumbuka hilo natamani ardhi ipasuke.

Tulitangaza mtaa mzima. Muuza mboga wa pale kona akatutumia hongera, mimi nikashona shuka dogo na kofia yake. Lakini wewe kimya. Mama yako akipiga hupokei, akipiga hupokei, ndipo akaniita pembeni kama mtoto aliyevunja sahani, akanieleza habari ya sauti. Akasema, "Ni hii mashine inayonitenga na mwanangu. Nitafutie fundi. Nataka nisikie mjukuu wangu anavyolia."

Nikamwita yule fundi wa kompyuta tunayemwita Kesho Njoo, na kwa ajabu akaja siku hiyohiyo. Akabonyeza alama ya sauti pale chini ya kioo, akakuta imefunguliwa mpaka mwisho. Akazima, akawasha. Kimya. Akaingia chini ya meza na tochi yake, tukasikia anacheka. "Mama, mashine yako haiumwi! Waya wa kijani umelala kwenye kitanda cha mwenzake." Akauchomoa kwenye tundu la waridi, akauchomeka kwenye la kijani, spika zikakoroma. Mama yako alifurahi, we acha tu.

Ikabaki kujaribu. Fundi akaangalia, akaona chini ya picha yako pana ujumbe wa sauti ambao haujafunguliwa. Akauliza, "Nijaribie huu?" Mama yako akasema, "Fungua, fungua, labda ni mtoto."

Ulichosema unakijua. "Mama, nimekwambia mtoto wetu amezaliwa hana uhai, nawe ukapiga vigelegele. Sitakupigia tena." Fundi alibaki amechuchumaa palepale, hajui atazame wapi. Aliondoka bila kuaga, na tochi yake aliisahau, ipo hapa mezani ninapoandika.

Mama yako hakupiga kelele. Aliniambia niurudie. Nikamwambia dada, hapana. Akasema urudie, ni mwanangu anazungumza. Tukausikiliza tena. Akasema, "Sauti yake imekuwa nzito siku hizi." Halafu akaanza kulia, na sijamwona akilia vile hata kwenye msiba wa baba yako.

Kesho yake alivaa vile viatu ulivyomtumia akapita nyumba kwa nyumba kurudisha zile hongera. Nilitaka niende mimi, akakataa. "Mimi ndiye niliyewaambia," alisema, ikabidi nimfuate nyuma. Muuza mboga alifunga genge lake akaja kukaa nasi mpaka jioni.

Sikuombi usahau, mwanangu. Ulichosikia siku ile ulikisikia, na uchungu wako una haki yake. Mtu anamkimbilia mama yake na msiba, anapokewa na vigelegele, angefanya nini? Ila mama yako hakucheka kifo cha mtoto wako. Alimshangilia mtoto mzima, ambaye kwake yeye aliishi mpaka Alhamisi. Sasa anakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, na hakuna anayeruhusiwa kufuta vumbi nyuma ya meza hiyo. Chakula tunamletea hapohapo. Mpigie, baba.

Shuka sijui nilifanye nini, nimelikunja nikaliweka. Mkeo akisema nilitume nitalituma, akisema nisilitaje tena sitalitaja.

Shangazi yako anawapa pole, na kaka yako dereva anasema atawatafuta akirudi safari. Muuza mboga naye anawapa pole. Mungu awashike mkono wewe na mkeo, awape usingizi, na machozi yenu asiyaache yaanguke bure.

Ni mimi mama yako mdogo, nikupendaye tangu huna hata unywele mmoja kichwani.

Mama yako ameniomba nimwachie nafasi hapa chini, aandike kwa mkono wake:

Mwanangu, nieleze tena, toka mwanzo. Alikuwa wa kike au wa kiume? Mlimwita nani? Safari hii nitasikia.