Nani Anagusa Usukani Wangu?

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu, fundi wangu,

Hujambo? Mkeo je, na mtoto ameshaota meno au bado anatafuna kwa ufizi? Huku wote wazima. Hata mimi mzima, ni bega tu la kulia ndilo mgonjwa, mengine yote yanacheka.

Sasa nisikilize. Tangu walipolipasua na kushona kano ni mwezi wa tatu huu, na daktari kaniruhusu kupanda baiskeli polepole. Basi jioni naitoa ile ya mlimani uliyoniundia, nazunguka uani. Mzunguko mmoja tu, bega linawaka moto! Naona kama usukani uko mbali, kama vile unanikimbia.

Na mwoka mikate kanipa mpaka tarehe 13 Aprili. Nisiporudi kusambaza mikate, zamu yangu inakwenda moja kwa moja kwa yule mtu wa muda aliyemweka. Miaka kumi na moja, mdogo wangu! Mlima wote ule naujua kwa mlango, kwa mbwa na kwa siri. Huyo mtu wa muda simjui hata sura, maana dawa ya maumivu inanilaza mpaka saa tatu. Nimeuliza wateja, wananiambia, "Aa, mrefu mrefu tu," kisha wanacheka. Fundi cherehani kasema anaweka mkate, anapiga kengele, anaondoka kama bubu. Mkate bila habari ni mkate gani huo?

Niambie nifanye nini na usukani.

Dada yako

Tarehe 11 Machi

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Meno mawili, na ameshaning'ata.

Usibadili vitu vyote kwa mkupuo, nakujua. Kwanza inua usukani. Pale shingoni, kwenye chuma kinachoshika usukani, kuna pete tatu nyeusi juu yake. Mwambie shemeji azitoe azipange chini ya shingo, kisha akaze bolti ya juu kwanza, za ubavuni baadaye. Halafu legeza zile nne za mbele, uzungushe usukani uje upande wako kidogo tu, kaza. Mikono ya breki iinuke kidogo ili kiganja kisivunjike. Ukikaa, viwiko vilegee, mabega yasipande masikioni.

Ukishapata mahali pazuri, tia alama kwa rangi ya kucha, nusu kwenye shingo nusu kwenye usukani, ziwe mstari mmoja. Na upime toka ncha ya kiti hadi usukani. Jaribu siku tatu ndipo uguse tena.

Mdogo wako

Tarehe 18 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na mng'ate na yeye. Hujambo lakini?

Sijui nianzie wapi, kichwa kinazunguka kama pia. Mume wangu alifanya yote uliyosema, kimya kimya kama kawaida yake, wewe si unajua kwa nini tunamwita Mnara: mrefu na hasemi. Nikatia rangi ya kucha, nyekundu. Nikapima kwa futi ya fundi cherehani, sentimita hamsini kamili. Nikapanda. Eh! Kama nimekaa kochini! Nilizunguka uani mara sita nikiimba.

Kesho yake jioni napanda tena: moto! Natazama rangi, nusu moja iko huku, nusu nyingine imekwenda zake mbele. Napima, hamsini na tatu. Nikasema labda bolti zimelegea. Mnara akakaza, akarudisha alama. Jioni ya pili, yale yale. Na miguu sasa haigusi chini, vidole tu vinachungulia ardhi. Nikadhani hospitali wamenifupisha, maana nililala kule siku tisa.

Mimi namshuku jirani wa nyuma, yule muuza viatu. Tangu niseme viatu vyake vinabanduka ana kinyongo. Nimemwambia mbele za watu, "Baiskeli yangu uiache!" Akanitazama, akamtazama Mnara, akaangua kicheko. Cheko la mtu mwenye hatia, au siyo?

Mwoka mikate nilimkuta dukani nikamwambia huyo mtu wake wa muda asizoee. Naye akacheka! Mji mzima umeingiwa na nini?

Dada yako aliyefupika

Tarehe 25 Machi

Dada, shikamoo.

Hujafupika. Kiti kimepandishwa. Kiti kikipanda, uzito wote unaangukia mikononi, ndiyo maana bega linawaka. Na usukani uliofungwa vizuri haujizungushi wenyewe kila siku, kwa kipimo kile kile. Kuna mtu anapanda baiskeli yako, ana miguu mirefu, na kila siku anairekebisha imtoshe.

Muuza viatu urefu wake ni huo wako. Mwombe radhi.

Dada, sitaki kuingilia mambo ya nyumba yako. Siku moja usinywe dawa ya alfajiri. Kaa dirishani.

Mdogo wako

Tarehe 31 Machi

Mdogo wangu,

Hata salamu sina. Kikulacho ki nguoni mwako!

Sikunywa dawa. Saa kumi na mbili nasikia mlango unafunguliwa kwa adabu. Nachungulia. Nani? Mnara! Mtu ambaye miaka ishirini na mbili ya ndoa hajawahi kupanda hata punda, anapandisha kiti, anazungusha usukani, anapanda baiskeli yangu, magoti yako masikioni, anaondoka. Saa mbili karudi, kafuta matope, kateremsha kiti nusu, kavaa viatu vya kazi akaenda zake ghalani kwa miguu.

Ndiye mtu wa muda! Mji mzima unajua! Mimi ninayejua nani kanunua sufuria mtaa wa tatu, sijui nani yuko kwenye baiskeli yangu!

Jioni nikamweka kitimoto. Nikamwambia, "Wewe bwana, nilimtukana huyo mtu wa muda miezi miwili, na wewe unakula wali unanisikiliza?"

Akasema, "Ulimtukana vizuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akasogeza sahani. Halafu akasema maneno mengi kuliko ya siku ya harusi. Kwamba mwoka mikate alitaka kumpa mtu mwingine zamu wiki ile ile niliyoanguka, yeye akaenda kumsihi. Kwamba alijifunza kule nyuma ya ghala, akaanguka mara tisa. Na kwamba, "Ningekuambia ni mimi, ungeona kazi ina mwenyewe, ungekaa. Nilitaka uwe na hasira upone."

Sasa niambie, mdogo wangu, nimkumbatie au nimtupie mwiko? Maana hicho kiti chake ndicho kimenichelewesha kupona! Na sasa anasema tarehe 13 aendelee yeye, baiskeli ibaki kwa kipimo chake mpaka bega likomae. Akiendelea, zamu iko salama. Ila naogopa nikimwachia hiyo siku nitamwachia na nyingine. Nafanyaje?

Dada yako

Tarehe 6 Aprili

Dada, shikamoo.

Kwanza mkumbatie, mwiko upo tu.

Baiskeli moja haimkai mtu wa urefu ule na mtu wa urefu wako. Asubuhi alikuwa anakusaidia, jioni anakuumiza, na hakujua kama sentimita tatu zinaweza kuumiza hivyo. Funga usukani kwenye alama yako, kiti chini, na mtu asiguse mpaka tarehe 13. Siku hizo zilizobaki shemeji ajipinde. Ana mgongo mzima, wewe bega lako lina nyuzi.

Nakutumia mishiko miwili ya mpira laini, ivishe usukani.

Mdogo wako

Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mishiko imefika, laini kama shavu la mtoto wako.

Mnara alijipinda siku zote hizo, watoto wa shule wakimwita panzi. Jana akanishikia baiskeli mlangoni. Nikamwambia, "Ukinifuata nakupiga." Nikapanda.

Hadi kwa fundi saa, bega halikusema kitu. Hadi kwa mwalimu mstaafu, likaanza kunong'ona. Pale kwenye mwinuko likapiga kelele, nikashuka nikasukuma. Nikalia kidogo, sikufichi, nikafikiri nirudi. Lakini mama wa nyumba ya kona akatoka na kanga begani akasema, "Umerudi! Ingia useme, yule mumeo katunyima habari miezi mitatu, hatujui hata nani kaachika!" Nikasimama hapo kidogo. Na nyumba iliyofuata kidogo. Mwinuko wenyewe niliupanda kwa miguu, nyumba moja moja, na mteremko nikashuka juu ya kiti changu, viwiko vimelegea kama ulivyosema.

Nilimaliza saa tano. Saa tano, mdogo wangu, kazi ya kuisha saa mbili! Mwoka mikate alikuwa mlangoni kakunja mikono. Nikajua basi. Akalitazama bega, akaitazama saa, akasema, "Kesho kikapu kije kisafi, hiki kina makombo." Akaingia ndani.

Sasa hiyo ni ndiyo au ni hapana? Nimemuuliza Mnara, kacheka tu, keshaambukizwa na mji. Mimi sijaelewa. Ila kikapu nimekiosha, kimeanikwa.

Dada yako