Gari la Norman Tunnicliffe Lilibeba Maiti, na Kuku Pia

Mwaka umekatika, Baba, tangu tukuzike huko Wirksworth siku ile ya mvua. Tungependa kukuletea salamu tamu, lakini hatunazo. Tuna kichefuchefu.

Hukuwa mtu wa makuu. Kucha zako zilikuwa nyeusi hata siku ya Krismasi, na jirani akikwama na gari asubuhi ya barafu ulitoka na ndara zako hizohizo. Mama alikugombeza kwa ndara hizo miaka hamsini.

Na lile gari, Daimler ya mwaka 1931! Uliitafuta kwa namba zake miaka ishirini, ukaikuta shambani kwa watu, kuku wametaga kwenye viti vya mbele. Wengi walidhani umeingiwa na tamaa ya magari ya matajiri. Sisi tulijua. Mwenyewe wa kwanza, tajiri wa kiwanda cha soksi, alipolichoka, gari lile lilifanywa la kubebea maiti, na mwaka 1952 lilimbeba mama yako. Wewe, mtoto wa miaka tisa, ulilifuata kwa miguu hadi kaburini.

Ulilifufua kwa miaka kumi na minne. Ngozi ya viti hukuibadilisha, uliisugua mafuta kwa viganja mpaka ikalainika. Kila aliyewahi kulimiliki ulimwandika kwenye jalada la historia yake, hata kuku ukawaandika.

Ulipotutoka, Mama alimwuzia gari Piers Lanyon, mkusanyaji wa magari ya kale, kwa sharti moja tu, jalada lisitengane na gari. Akaapa, na keki yetu akala.

Agosti tukalikuta kwenye maonyesho ya magari ya kale. Ngozi ya viti uliyoisugua imeng'olewa, limepakwa rangi ya maziwa, na ubao unasema lilikuwa la binamu wa mfalme, halikuwahi kufanya kazi yoyote. Mama akauliza jalada liko wapi.

"Nimelichoma, Bi Beryl. Nani atalipatia tuzo gari la maiti?"

"Lilimbeba mama mkwe wangu."

"Ndiyo maana nililipulizia dawa ya vijidudu kwanza," akasema, akiwageukia wenzake wacheke. Nao wakacheka. Mtu mzima ovyo, hana haya wala soni. Waamuzi wakampa utepe wa kwanza.

Basi, Baba, nakala zote za gazeti hili hawezi kuzichoma. Anayetaka kulinunua gari lile asome hapa. Chasisi namba 30417: Isaac Wragg, tajiri wa soksi. Fearn, mzishi. Ollerenshaw na kuku wake. Norman Tunnicliffe, fundi. Abiria: Ada Tunnicliffe, mama yake, Machi 1952, safari moja.

Ni sisi, mkeo Beryl, wanao Gillian na Keith, na wajukuu. Tutakukumbuka mpaka nasi tuwe wa kukumbukwa.