Fuvu Lililopakwa Rangi

Tarehe 4 Juni

Shikamoo dada,
Habari za afya, na za kufoka? Mimi mzima, nanuka rangi tu. Fuvu la maabara yako nimemwachia mlinzi wa shule. Taya la chini lililolegea nimelifunga. Ila hamkusema kama mlishaliangusha. Ufa mmoja unakata kichwa upande hadi upande, wa pili unapita katikati ya utosi, na wa tatu kisogoni unakwenda kona kona kama mlevi anayetafuta kwao. Nimepiga puti, msasa, halafu rangi nyeupe mikono miwili. Lile shimo kubwa la chini nimeliziba kwa saruji, panya wasipange. Linang'aa kuliko mwenyewe alipokuwa hai. Mji huu fundi ni mmoja.
Mdogo wako

Tarehe 5 Juni

Marahaba. Afya yangu usiiulize.
Hizo si nyufa, ni mishono. Mfupa wa paji unaungana na mifupa miwili ya utosi, nayo inaungana na mfupa wa kisogo. Hata wewe mwenye kichwa cha zege unayo. Shimo uliloziba ndipo ubongo unaposhikana na uti wa mgongo. Ule ni mfupa wa kweli, nami nimeutilia saini. Tarehe tisa kuna mtihani, wanafunzi wataonyesha mishono kwa kidole. Isipoonekana, maabara nanyang'anywa. Nakurudishia. Ondoa uchafu wako. Darasa la saba lenyewe lilikushinda, sijui nilitegemea nini.
Dada yako

Tarehe 8 Juni

Shikamoo, kwa shingo upande.
Siku uliponikabidhi fuvu, nilipotaka kukuuliza mlangoni, ulisema, "Funga taya, mengine hutayaelewa." Haya, nimeelewa. Shimo nimelizibua. Mshono wa mbele na wa utosi nimeikwangua kwa sindano mpaka vidole vimevimba. Wa kisogoni umegoma, nikikaza mkono mfupa unamomonyoka. Niruhusu nije nimwambie mkuu wa shule kwamba mdogo wako ndiye aliyeharibu. Kuongea najua, hilo hubishi.
Mdogo wako

Tarehe 10 Juni

Wanafunzi wamepapasa kisogo, wote wamekosa. Maabara kapewa mwingine. Mkuu aliuliza nani alilipaka. Nilimjibu ni fundi wa mtaani, simjui. Kwangu usikanyage.
Mwalimu

Tarehe 11 Juni

Mwalimu,
Habari za kazi. Mama akipiga simu kuuliza hali yako, nitamwambia kuna mwalimu mmoja niliwahi kumpakia rangi fuvu lake, sijui kama yu mzima.
Fundi wa mtaani