Radhi Tumekupa

Mbeya, Jumamosi

Kwa kaka Yohana, Kalenga.

Jana mahakamani wakili wa kampuni ya bima alisema hawatalipa chochote kwa kifo cha Semkiwa, kwa sababu wewe baba yake ulikwisha kiri kwamba umeridhika. Nimetanguliza hilo usije ukalisikia kwa wapita njia.

Sasa nakuamkia: kamwene, kaka. Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenikaa kifuani.

Walitoa karatasi. Ni ile aliyokuja nayo msibani mwenye lori lililomgonga mtoto, pamoja na mbuzi na shuka nyeupe. Aliomba radhi, ukamjibu, "Radhi tumekupa," ukaweka dole gumba. Tulidhani ni ya kuonyesha vitu vimefika. Kumbe karani wake aliandika: "Tumeridhika, hatudai tena."

Nilisimama kwa niaba yako nikaeleza kwamba kwetu Uheheni mtu akija kuomba radhi maiti ikiwa ndani, hafukuzwi. Yule karani akadakia, "Bwana mdogo, radhi na kuridhika si ndugu hao?"

"Ndugu," nikamwambia, "lakini kila mmoja ana nyumba yake."

Watu wakacheka. Hakimu Mzungu akauliza wanacheka nini. Mkalimani alijaribu mara mbili, kisha akaomba tuendelee.

Wakili akauliza, kama hatukuridhika, mbona hatukurudisha vitu. Nikasema mbuzi aliliwa na waliochimba kaburi.

"Na shuka?"

"Amezikwa nayo."

Akaandika, akakaa.

Dreva hakuitwa. Mwendo wa lori haukuulizwa. Kwamba mtoto alikuwa nje ya barabara, kwenye majani, hakuna aliyeandika.

Kaka, sina tumaini la kukupa. Ila usililaumu dole lako. Mimi nilikuwa nimeketi ubavuni mwako, na kusoma najua. Sikuomba kuisoma.

Shemeji, mama Semkiwa, mweleze mwenyewe, polepole. Nisalimie mama, na mjomba Lukasi mhunzi, na mwalimu wa kanisa aliyetuongozea maziko.

Hakimu atasoma hukumu Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Nimekwisha omba ruhusa kazini.

Ni mimi mdogo wako,
Petro