Mashine Niliyoizima Siku ya Msiba

Mwanangu Zuhura,

Nina kosa la kukiri, na nitalieleza kwa utaratibu, kama nilivyokufundisha wewe kueleza yako.

Siku uliyotutoka, nyumba yetu ya Dunda ilikwisha kujaa watu kabla ya adhuhuri. Nilifanya tunavyofanya msibani: nikazima redio, nikazima televisheni. Kompyuta yako ilikuwa ikivuma chumbani mwako, nikaona haya mbele ya waombolezaji. Nikachomoa waya ukutani.

Uliniambia mara ngapi, "Baba, hiyo usiiguse, inahesabu"? Ulinionyesha kwa uzi wa cherehani na ganda tupu la kidonge. Uzi ukiwa mezani, ulisema, hulegea ovyo. Ndani ya ganda hauna pa kwenda, hivyo hushika umbo lake. Ndivyo ilivyo protini ikibanwa katika kijumba kisichoonekana kwa macho, na kompyuta ilikuwa ikifuata kila mtikisiko wake. Wiki tatu za kazi hiyo, kwa protini hazifiki hata kufumba jicho. "Nawe Baba waniita mvivu," ukacheka.

Alasiri nilishuka mimi kaburini kukupokea. Nikakulaza katika mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi, kwa ubavu wa kulia. Palikuwa pafinyu. Niliukumbuka uzi wako, na mikono yangu ikakataa kukuachia.

Tangu hapo chumba chako kinavuma. Mama yako hasikii. Niliigusa feni ya mashine kwa kidole, imetulia. Kila niliposwali, ilivuma.

Baada ya arobaini alikuja Neema, mwenzako wa maabara, kuifuata kazi. Nikamwambia niliizima mimi. Hakunilaumu. Aliiwasha, akasoma, akasema, "Mzee, mara ya mwisho ilihifadhi hesabu zake alfajiri. Zimepotea saa chache tu. Itaendelea ilipokomea."

Alfajiri. Ulikata roho alfajiri, Zuhura. Saa zilizopotea ni zile ulizokuwa umelazwa ndani ukingoja kuoshwa.

Nilimwomba aiache hapa hadi imalize, akakubali. Sasa inavuma kweli, na uzi wako unajikunja kwenye kioo. Mama yako anausikia mvumo huo. Mimi nasikia miwili.

Pumzika, mwanangu, Mola akupanulie ulipolala. Kazi ikiisha nitakuja makaburini nikueleze umbo lilivyotokea. Nimekwisha kumwagiza mama yako: hata ukiwa msiba wangu, waya usichomolewe.

Baba yako